Kupalilia Lami

Sekela alikuwa anakata watu. Alikaa dirishani, ghorofani juu ya duka la pembejeo katikati ya Tukuyu, sweta amelifunga vifungo vyote, chai ya tangawizi inapoa pembeni ya kompyuta, na kwenye kioo alikuwa anamzungushia mwendesha bodaboda mstari mwembamba, kuanzia kofia, bega, kiwiko, mpaka tairi la nyuma. Akishamzunguka anabonyeza, na kila kilichokuwa nyuma ya mtu yule kinafutika: soko, mwavuli wa muuza parachichi, ukungu. Anabaki mtu peke yake kwenye weupe. Hapo anamchukua na kumweka kwenye stendi mpya ya mabasi, ambayo ilikuwa bado haijajengwa.

Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akisomea michoro ya kompyuta na usanifu kwa ajili ya mipango miji, kozi ambayo jina lake lilimchosha baba yake kabla hajafika katikati. Mzee Ambilikile aliwaambia watu wa kanisani kwamba binti yake anasomea kuchora miji, na wakimuuliza miji gani, aliwajibu ni huu huu. Basi fildi, yale mafunzo ya vitendo, Sekela akaja kuifanya nyumbani, kwenye kampuni iliyopewa kazi ya kuipangia Tukuyu stendi mpya. Msimamizi wake aliitwa Godwin, mtu wa Tanga, mpole, mwenye skafu shingoni kutwa nzima, ambaye alikuwa bado hajaisamehe Rungwe kwa baridi yake.

“Stendi bila watu ni gofu,” alisema Godwin. “Nijazie watu.”

Ndani ya programu watu walikuwamo tayari, wa bure, na Sekela akaanza na hao. Stendi ya Tukuyu ikajaa wazungu wanaokimbia na mbwa wao na akina dada wanaokunywa kahawa huku wanatembea. Godwin alipoona alicheka mpaka skafu ikamfunguka. Aliuliza hao wanasubiri basi la kwenda wapi, akamwambia atafute watu wa huku.

Watu wa huku alikuwa nao kwenye simu. Alimkata mwendesha bodaboda, akamkata muuza parachichi, akakata watoto wawili wa shule wenye masweta ya kijani. Halafu akafika kwenye picha ya harusi ya binamu yake, kule Ikuti, na katika picha ile alikuwamo mama yake, Tulia, amevaa kitenge na viatu vya kufunika, mwavuli ameuning'iniza mkononi. Tulia alifariki kwa presha, mwaka juzi wakati wa mvua. Sekela hakufikiria sana. Maisha yake yote mama yule alisubiri mabasi akiwa amesimama kwenye tope, na binti yake alitaka awahi kusimama mahali pakavu. Alimzungushia mstari taratibu kuliko wengine wote, akabonyeza, akamweka karibu na dirisha la tiketi, chini ya paa.

Kesho yake asubuhi Tulia hakuwa dirishani. Alikuwa katikati ya lami, mahali ambapo mabasi ya Mbeya yangeegeshwa, ameinama, anapalilia. Harusini hakuwa na jembe. Sasa alikuwa nalo, lile lake la nyumbani la mpini mfupi. Sekela alimbeba akamrudisha chini ya paa. Walipotoka kula mchana na kurudi, alimkuta kwenye lami tena, na safari hii alikuwa amevua viatu na kuviweka pembeni pamoja, kama mtu aliyefika kwake.

“Huyu mama mbona yuko kwenye njia ya basi?” Godwin aliuliza, akiwa amesimama nyuma yake.

“Nimemtoa, bosi. Anarudi.”

“Ifunge leya yake.”

Sekela aliifunga leya, ile tabaka ya picha iliyombeba mama peke yake, asisogezeke. Tulia hakuwa na habari na mambo ya leya, akaendelea kupalilia. Godwin alitazama kidogo, akasema ni kweli kuna vitu programu hii inavifanya, akarudi mezani kwake kumalizia mahesabu ya mifereji.

Siku mbili tatu Sekela alihangaika na mama yake kwenye kioo, mmoja akihamisha na mwingine akirudi, kabla hajapata wazo la kuiweka picha ya stendi juu ya picha ya setilaiti, ile iliyopigwa kutoka angani kabla ya mradi kuanza. Aliipunguza lami rangi, ikawa angavu kama kioo, na chini yake ikatokea migomba. Pembeni ya migomba kulikuwa na paa moja jekundu lenye bati jipya kwenye kona. Lile bati jipya alilikumbuka. Lilinunuliwa baada ya upepo, na yeye ndiye aliyemshikia baba ngazi.

Kumbe lile ndilo paa la kwao, na pale mama yake alipokuwa akipalilia ndipo walipomzika.

Tena ramani iliyotumika kupangia stendi aliichora yeye mwenyewe. Mwaka wake wa pili, miezi michache baada ya msiba, kampuni ilikuwa imewagawia wanafunzi picha ya mji vipande vipande, na vipande havikuwa na majina, vilikuwa na namba. Maelekezo yalikuwa mepesi: ukiona paa, chora, ukiona barabara, chora, kijani kisicho na paa, andika eneo wazi. Kwa Wanyakyusa mtu huzikwa nyumbani, migombani, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaweza kumsemesha, na majani ya mgomba ni mapana, hufunika kaburi na vigae vyake na msalaba wake. Sekela alijua hayo tangu hajaota meno. Lakini nyumba ya kwao aliijua kwa mlango, kwa moshi wa jikoni, kwa jiwe la kukwangulia tope. Kwa juu hakuwahi kuiona. Alilichora paa lile jekundu akalipita. Migomba yote ya mtaa ule, kuanzia kwao mpaka barabarani, akaiandika eneo wazi, kisha akaenda kula.

Wapangaji nao walitafuta mahali pa kuweka stendi pasipo na paa, wakapapata. Walijisifu sana kwa hilo. Mradi wao haukubomoa nyumba ya mtu hata moja.

Jumamosi Sekela alipanda bodaboda kuteremka kwao, upande wa njia ya Kisondela. Tangu msiba alikuwa hajalala nyumbani. Fildi ilipoanza alipanga chumba mjini akasingizia mvua, na ukweli ni kwamba aliogopa jioni za pale, aliogopa kusikia kimya cha jikoni. Alimkuta baba yake kibarazani anamenya ndizi za kupika mbalaga.

“Shikamoo, tata.”

“Marahaba, mwanangu. Ugonile?”

Alikaa, akachukua kisu cha pili, wakamenya pamoja. Baada ya muda akasema, “Tata, nimemweka mama kwenye picha ya stendi.”

Ambilikile aliacha kumenya. “Lini?”

“Wiki iliyopita.”

“Kumbe,” alisema mzee. “Ndiyo maana haji. Nikajua amenuna.”

Akamweleza, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za mbuzi. Tangu azikwe, Tulia alikuwa anakuja kila jioni, ndege wakishanyamaza. Anapalilia migomba kidogo, anauliza nani ameugua na nani ameoa, analalamika kwamba mzee anatia chumvi nyingi kwenye mboga. Giza likiingia anaaga, anakwenda kulala chini ya vigae vyake. Marehemu wa nyumba nyingine walifanya hivyo hivyo. Lugano, yule kijana wa jirani aliyegongwa na lori, alikuwa anakuja kufuta pikipiki yake. Hakuna aliyelizungumza sana jambo hilo, kwa sababu lilikuwa la nyumbani.

Sekela alikaa na ndizi mkononi. “Alikuwa ananiulizia?”

“Kila jioni. Nikamwambia uko mjini, mvua nyingi.”

Hapo Sekela alilia, akalia kweli, kwa sauti, kama ambavyo hakulia siku ya mazishi. Miezi yote ile mama yake alikuwa akimsubiri mahali ambapo bodaboda ingemfikisha kabla chai haijapoa. Baba yake alimwacha alie. Kisha akachukua zile ndizi za binti akazimalizia kumenya.

“Haya,” alisema. “Sasa mrudishe.”

Sekela alijaribu. Alimfuta Tulia kwenye picha, na asubuhi akamkuta pale pale, ameshapalilia mpaka mstari wa basi la pili. Aliazima laptopu ya ofisi, akaipakata kwenye bodaboda, akaiweka juu ya kaburi lenyewe, kioo kikitazama vigae, ili mama aone njia ni fupi. Ambilikile aliinama akazungumza naye kwa Kinyakyusa muda mrefu. Alimwambia habari za mbuzi, za kwaya, za yule mgomba uliolala kwa upepo. Alimwambia chumvi amepunguza. Tulia hakugeuka.

“Hasikii?” mzee aliuliza.

“Kwenye picha hakuna sauti, tata.”

“Na anapalilia nini? Pale hapana hata jani.”

Kwa kuwa hakujua la kufanya zaidi, Sekela alimchorea mama yake mgomba mmoja, palepale kwenye lami. Tulia aliuona, akasogea, akaanza kuufanyia palizi kwenye shina. Jumatatu Godwin aliuondoa. Hakufanya kwa ubaya. Basi haliwezi kupita kwenye mgomba, alisema, ila mama abaki, kwa sababu wakubwa waliiona picha na wamempenda. Wamesema analeta uhai.

“Bosi,” Sekela alisema, “ramani ya chini ina makosa. Pale si eneo wazi. Pale ni makaburi.”

Godwin alivuta kiti akakaa. Alionekana kuumia, na ni kweli aliumia, kwa maana kwao Tanga naye alikuwa na mama kaburini. Alimweleza kwamba makaburi yana utaratibu wake: yanatangazwa, ndugu wanaitwa, wanahamishwa kwa heshima zote na mahali pa kuwahamishia panatafutwa. Lakini utaratibu huo unaanza na makaburi yaliyoonekana kwenye ramani. Ramani hii haina hata moja, na imeshapita ngazi zote.

“Ungesema mwaka juzi,” alisema.

“Mwaka juzi sikujua ni kwetu.”

“Sasa mimi nikusaidieje?”

Mkutano wa wananchi ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, siku ya mvua, milango imefungwa. Mwenyekiti wa mtaa, Abrahamu, alifungua kwa sala. Picha ya stendi ilimulikwa ukutani, kubwa, na watu wakaitazama; kisha akina mama wa mbele wakaanza kunong'ona, na mmoja wao akasalimia, “Ugonile, Tulia.” Wengine nao wakamsalimia. Tulia aliendelea na kazi. Mtaalamu aliyetoka makao makuu ya kampuni alisubiri wamalize kusalimiana, akaeleza kwamba mradi haubomoi nyumba hata moja, na watu wakapiga makofi, kwa sababu ilikuwa kweli na walikuwa na hofu na nyumba zao.

Mama Lugano alisimama. Alikuwa mwanamke mfupi, na ndiye aliyemzaa yule kijana wa pikipiki. “Nyumba sawa, tumesikia. Na wale waliolala nyuma ya nyumba, watalala wapi?”

“Kwa mujibu wa ramani,” alisema mtaalamu, “nyuma ya nyumba ni eneo wazi.”

Sekela alikuwa amekaa karibu na mashine ya kumulika. Aliinuka. Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyopanga.

“Ramani hiyo nimeichora mimi,” alisema. “Nimekosea. Pale kuna makaburi. La mama yangu ni lile analopalilia.”

Ambilikile aliinama akitazama kofia yake. Mtaalamu alimshukuru binti kwa mchango wake mzuri, akasema maoni yamepokelewa, na kwa kuzingatia maoni hayo kampuni itaweka benchi karibu na huyu mama, asichoke kusimama. Abrahamu akauliza kama kuna swali lingine. Hapakuwa na lingine. Benchi liliwekwa kwenye picha siku iliyofuata, na Tulia hakulikalia.

Wiki ile ile Mama Lugano alipanda ngazi za ofisi akihema. Chini ya khanga alikuwa na picha ya mwanawe, ameketi kwenye pikipiki, miwani ya jua usoni.

“Mweke na huyu,” alisema.

“Mama, nikimkata hatakuja tena nyumbani. Mama yangu haji.”

“Huko nyumbani linakuja tingatinga, mwanangu. Litamkuta pale akifuta pikipiki yake. Wewe mweke na mama yako, wawe pamoja.”

Sekela alimtazama Godwin. Godwin alisema stendi kweli bado ina nafasi. Basi akamzungushia Lugano mstari, na Mama Lugano akasimama begani kwake akimwelekeza asimkate sikio, mwanawe ana masikio makubwa lakini ni yake. Alipobonyeza, mama yule alivuta pumzi kwa ndani, akashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga, ndaga fijo, akashuka ngazi. Jioni ya siku hiyo Lugano hakuja nyumbani.

Wakaja wengine. Mtaa mzima ulileta picha zake: za harusi, za kipaimara, za kitambulisho zenye uso tu, ambazo Sekela alilazimika kuzitafutia kiwiliwili. Aliwakata mababu na mabibi, akamkata mtoto mchanga aliyebebwa na shangazi, ikabidi shangazi, aliyekuwa hai, aachwe nje. Kila aliyemweka alienda mwenyewe mahali pake kwenye lami, akaanza kazi yake. Sekela alijua anachokifanya. Alikuwa anaiondolea migomba ile watu wake, mmoja mmoja, kwa mkono ule ule ulioiandika eneo wazi, na hakuona njia nyingine ya kuwapa mahali pa kwenda. Wakubwa walipoletewa picha walifurahi kuona stendi imechangamka kiasi kile.

Matingatinga yalikuja kiangazi. Wafanyakazi waliikata migomba kwanza, halafu wakang'oa vigae. Dereva mmoja, mtu mwenye imani, alisimamisha mashine alipoona msalaba, akaita mkubwa wake. Wakachimba kwa uangalifu pale, wakachimba na pengine. Hawakukuta mtu, wala mfupa, wala ubao wa jeneza. Kulikuwa na udongo mweusi mlaini tu, kama udongo uliokwisha kulimwa. Msimamizi wa ujenzi aliangalia ramani, akaangalia mashimo, akasema ramani iko sahihi. Kazi ikaendelea.

Sekela alifaulu vizuri sana. Kazi yake ya stendi ilioneshwa chuoni kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kampuni ikamwajiri. Walimpa mji mwingine, mbali, ambao hajawahi kufika, nao ukamjia kwa vipande vyenye namba. Kila alipokuta kijani aliuliza kuna nini chini yake, na kila mara alijibiwa kwa upole kwamba achore paa. Alichora paa.

Alirudi Tukuyu wakati stendi imeshafunguliwa. Ilikuwa jioni, manyunyu yanaanguka, makondakta wanaita Mbeya, Mbeya. Penye lango kuu kampuni ilikuwa imesimamisha bango la bati refu kuliko nyumba, na juu yake ile picha yake, kila mtu akiwa mahali pake. Chini ya bango watu wa mtaa walikuwa wamekaa, na makondakta walishazoea kutowauliza wanasafiri kwenda wapi. Mama Lugano alikuwapo. Ambilikile alikuwapo, mwavuli kichwani. Sekela alimwamkia, akaingia chini ya mwavuli, wakatazama pamoja. Lugano alikuwa anafuta tangi la pikipiki. Tulia alikuwa amepalilia mpaka karibu na ukingo wa bango, na kitenge kilikuwa kimemganda mgongoni kwa jasho.

“Gwe Sekela,” alisema baba yake. “Huko ndani jua linazama saa ngapi?”

Jua lile alilitundika yeye, juu kidogo upande wa kulia, kwa sababu majengo hupendeza zaidi vivuli vikiwa vifupi. Angeweza kumdanganya mzee, naye angemwamini.

“Halizami, tata.”

Ambilikile aliuhamishia mwavuli mkono wa pili. “Nyumbani alikuwa anasubiri giza liingie ndipo aende kulala.”

“Najua.”

“Kumbe hajalala tangu siku ile.”

“Hajalala.”

“Si ulizamishe basi? Wewe si ndiye unayechora?”

“Bango limeshachapwa, tata. Siwezi tena.”

Mzee alitikisa kichwa. Hakumlaumu, na Sekela angependa amlaumu. Giza liliingia stendi nzima, taa za mabasi zikawaka, na watu wa chini ya bango wakaanza kuinuka mmoja mmoja. Mama Lugano alimpungia mwanawe mkono. Ambilikile alisogea mpaka akaligusa bati, akamwambia mke wake inatosha kwa leo, apumzike. Akamwambia tena, kwa sauti ya juu zaidi, kwa kuwa manyunyu yalikuwa yamegeuka mvua. Alisubiri kidogo. Halafu akamshika binti yake mkono, wakaondoka na mwavuli wao mmoja, wakamwacha anapalilia juani.